Miche ya Orozali Inakwenda Wapi?

Mwezi wa kumi ukifika, watu wote wa kijiji cha Jangak-Sai wana mikono myeusi. Si uchafu. Ni maji ya maganda mabichi ya jozi, zile kokwa ngumu za kula zinazoanguka msituni. Hayatoki kwa sabuni wala kwa majivu. Unangoja mpaka ngozi ibadilike yenyewe. Ukionekana na mikono myeupe msimu huo, watu watakuuliza kama unaumwa.

Orozali alikuwa na mikono myeusi kuliko wote. Alikuwa mtu wa kazi. Kipande chake cha msitu kilikuwa mlimani, juu ya kijiji. Msitu huo wa mijozi ni wa serikali, lakini kila familia imepewa kipande chake cha kutunza. Jozi zinazoanguka humo ni zao. Nyasi zinazoota humo ni zao pia, za kulisha ng'ombe wakati wa theluji. Bila jozi hakuna unga ndani ya nyumba. Bila nyasi hakuna maziwa.

Asubuhi hiyo Orozali na mkewe Burulcha walikuwa wamekaa mbele ya hema lao, katikati ya msitu. Wakati wa jozi familia nzima huhamia huko na sufuria, mablanketi na kuku. Burulcha alimega mkate, akammiminia mumewe chai. Orozali hakuigusa. Siku hiyo mkuu wa misitu alikuwa anakuja kukagua kama amepanda mijozi mipya.

"Kunywa, baba watoto," Burulcha alisema. "Mkuu wa misitu hali watu."

"Hali watu, lakini anakula vipande vya msitu."

"Si umepanda?"

"Nimepanda! Mwaka jana nimepanda. Mwaka juzi nimepanda. Na wewe umeniona."

"Nimekuona. Umepinda mgongo siku nzima kama mtu anayetafuta pete."

"Basi sasa niambie, miche iko wapi?"

Burulcha alisukuma bakuli la mtindi upande wa mumewe.

Mkuu wa misitu alifika jua lilipopanda, akiwa juu ya farasi. Nyuma yake alikuja Anarkan, bibi misitu wa eneo lile. Anarkan alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alizaliwa Jangak-Sai na kila mtu alimwita dada.

Walikizunguka kipande chote. Mijozi mikubwa ilisimama kila mahali, mingine minene kiasi cha kukumbatiwa na watu watatu. Mingi ilikuwa imekauka matawi ya juu. Chini yake palikuwa safi. Hapakuwa na kichaka, wala mwiba, wala mche.

"Bwana Orozali," mkuu alisema, "kipande chako ni kisafi sana."

"Ahsante, mkuu."

"Sikusifu. Hiki ni kijiji cha wazee watupu. Hakina mtoto hata mmoja. Wazee hawa wakianguka, nani atabaki?"

"Nimepanda, mkuu. Zinaota. Mwezi wa tano nimeziona kwa macho yangu, majani mekundu kabisa, mazuri. Halafu…"

"Halafu nini?"

"Halafu hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

"Sijui."

"Mwaka jana ulisema sijui. Mwaka juzi ulisema sijui." Mkuu alikamata hatamu za farasi wake. "Nitarudi mwakani baada ya jozi kuokotwa. Nikikuta miche hai, kipande ni chako. Nisipokuta, nitampa mtu mwingine anayejua miche yake iko wapi."

Orozali aligeuka kumtazama Anarkan. Anarkan alikuna shingo.

"Labda nungunungu," alisema. Lakini alisema kama mtu asiyeamini anachosema.

Mkuu alipanda farasi. Kabla hajaondoka alinyoosha kiboko chake kuelekea ng'ambo ya kijito. "Kwa nini jirani yako anayo miche?"

Swali hilo lilimchoma Orozali kuliko yote. Jirani huyo alikuwa Satibaldi. Na Satibaldi alikuwa mvivu.

Nchi nzima ilijua hivyo. Kipande cha Satibaldi kilikuwa aibu. Vichaka vya miiba vilijiotea anavyotaka Mungu. Wakati wa kukata nyasi, fyekeo lake lilikuwa butu siku zote. Alikata nyasi juu juu, akaacha mafungu yasiyokatwa huku na huku, kisha akajilaza kivulini kwa kisingizio cha mgongo. Orozali, yeye, alikuwa fundi wa fyekeo. Alinoa ule upanga mrefu uliopinda mpaka ukanyoa nywele za mkono. Alikata nyasi chini kabisa, karibu na udongo, na alipomaliza ungeweza kutandika mkeka ukalala bila kuchomwa. Watu walipita njiani wakasema, "Hapa kapita Orozali." Aliipenda sana sentensi hiyo.

Sasa kwa nini mvivu ana miche, na mtu wa kazi hana?

Orozali aliwaza kutwa nzima. Jioni alipata jibu. Lilikuwa jibu baya, lakini lilikuwa jibu. Alivuka kijito.

Satibaldi alikuwa amekaa juu ya gunia, akipasua jozi na kuzila.

"Karibu, mdogo wangu," Satibaldi alisema. "Kaa. Gunia jingine lile pale."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuangalia miche yako."

"Angalia. Macho hayalipiwi."

Orozali aliangalia. Miche ilikuwepo kweli. Mmoja ulifika kiunoni, umechomoza katikati ya kichaka cha waridi mwitu. Mingine midogo ilisimama kwenye mafungu ya nyasi kavu.

"Ulipanda lini?"

"Mimi?" Satibaldi alicheka. "Mimi na mgongo huu? Imejiotea."

"Imejiotea! Mimi napanda haioti, wewe hupandi inaota!"

"Ndivyo ilivyo. Hata mimi sielewi."

"Mimi naelewa. Unavuka kijito, unang'oa yangu, unapanda hapa."

Satibaldi aliacha kutafuna. Alimtazama Orozali kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe akimbwekea.

"Orozali. Mke wangu ananiomba nikachote maji hapo kijitoni, hatua chache tu, na siendi. Nitavuka kijito hicho hicho nikaibe miche?"

"Mwizi haibi kwa sababu ana nguvu."

"Nimekuwa mwizi sasa? Si kaka tena, si jirani, ni mwizi?"

"Umejiita mwenyewe."

"Toka kwenye kipande changu. Na utoke polepole, usije ukakanyaga miche yako!"

Tangu siku hiyo wakawa hawasalimiani. Katika Jangak-Sai hilo ni jambo zito. Satibaldi alikuwa mkubwa kwa umri. Orozali alipomtaja nyumbani aliacha kusema "kaka Satibaldi". Alisema "yule". Burulcha hakupenda.

"Una ushahidi?"

"Nina macho."

"Macho yako yamemwona aking'oa?"

"Yamemwona akiwa nayo."

Kabla theluji haijaanguka, Orozali alipanda tena. Alichagua jozi kubwa, zenye uzito. Alichimba, akafukia, akakanyaga kidogo. Kisha ikaja theluji, kijiji kikafunga milango, na ng'ombe wakaanza kula nyasi za ghalani.

Siku moja Burulcha alirudi kutoka zizini na kitu mkononi.

"Ng'ombe huyu ananishangaza," alisema. "Anakula nyasi zote, anabakiza haya." Alimwonyesha majani makavu yaliyokunjamana. Aliyasugua. Yalinukia jozi, ile harufu kali ya majani yake.

"Majani ya jozi," Orozali alisema. "Machungu. Ng'ombe hayapendi."

"Najua hayapendi. Nauliza yameingiaje kwenye nyasi."

"Si tunakata chini ya mijozi? Yameanguka kutoka juu."

"Nyasi tulikata mwezi wa saba. Mwezi wa saba majani yanaanguka?"

"Upepo, Burulcha. Kuna kitu kinaitwa upepo."

"Na haya yana vijiti vyake laini. Upepo umekata na vijiti?"

"Mpe ng'ombe maji, utuache tupumzike."

Burulcha alitupa majani kwenye moto. Lakini hakuridhika, na Orozali naye hakuridhika, ingawa hakusema.

Mwezi wa tano jozi ziliota. Ziliota vizuri kuliko mwaka wowote. Orozali alitambaa kwa magoti akigawa nyasi kwa vidole, akitafuta majani yale mekundu. Alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alijua kuota si tatizo. Tatizo ni kinachokuja baadaye, na hakujua ni nini.

Watu walimpa ushauri. Kila mtu alikuwa na wake. Kinyozi alisema ni nguruwe mwitu, afunge mbwa. Orozali alifunga mbwa, mbwa akachimba shimo la kulala na kung'oa mche mmoja. Shemeji yake alisema ni panya, amwage majivu. Alimwaga, mvua ikasomba. Mama yake Burulcha alisema ni jicho la watu, kwa sababu kipande ni kizuri mno. Akaja na mitishamba, akafukiza moshi kila pembe, akakohoa hadi akashikwa mkono kurudi nyumbani.

"Kichwa changu kimekuwa kama soko," Orozali alimwambia Anarkan. "Kila mtu anapiga kelele na hakuna kinachouzwa. Wewe ndiye bibi misitu. Niambie ni nini."

Anarkan alishuka kwenye farasi. Alichuchumaa karibu na mche mmoja, akaugeuza majani.

"Sijui," alisema.

"Na wewe pia!"

"Nikuongopee? Hauna ugonjwa. Hauna meno ya panya. Mizizi imeshika. Mche huu una afya kuliko mimi." Alisimama akishika goti. "Tufanye hivi. Tuweke kijiti kando ya kila mche, tufunge na kitambaa chekundu. Nyasi zikirefuka, hutauona mche, lakini utaona kijiti. Upite kila baada ya siku chache uangalie. Mche ukipotea, utajua umepotea wiki gani. Tukijua lini, tutajua nani."

"Mimi nani namjua."

"Satibaldi?"

"Yule."

"Orozali, sikiliza. Mjozi mdogo hutuma mzizi wake chini kabla haujajali kurefuka juu. Huu unaouona ni mfupi kama kiganja, lakini huko chini una mzizi kama mkono wako. Mche wa mwaka wa pili ukiung'oa bila kuchimba shimo refu, unakata mzizi, unakufa. Unadhani Satibaldi amechimba mashimo marefu?"

Orozali alijaribu kumwona Satibaldi akichimba shimo refu. Hakuweza. Hilo lilimchanganya zaidi. Kama si Satibaldi, basi hakubaki mtu.

Burulcha alichana gauni kuukuu jekundu. Wakafunga vijiti. Msitu ukawa kama uwanja wa sherehe. Orozali alipita kila baada ya siku chache. Mwezi wa tano ukaisha, miche ipo. Mwezi wa sita, miche ipo. Nyasi zikapanda hadi kifuani, na vitambaa vyekundu vikawa havionekani mpaka uwe karibu. Aligawa nyasi, akachungulia. Ipo. Hakuna nungunungu aliyekuja. Hakuna mtu aliyevuka kijito.

"Mwaka huu wameogopa," alimwambia Burulcha.

"Nani?"

"Sijui. Lakini wameogopa."

Mwezi wa saba ukaja wakati wa kukata nyasi. Katika Jangak-Sai mtu hakati peke yake. Wanaume hukusanyika kwa ujima, leo kwako, kesho kwangu. Mwenye kipande huchinja na kupika, wengine huja na mafyekeo na midomo yao. Satibaldi hakuja. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Walijipanga mstari mmoja. Orozali alitangulia, kama kawaida. Alinoa fyekeo lake kwa kinoo, akatema mate mkononi, akaanza. Lakini hakufika mbali. Fyekeo liligonga kijiti. Upanga ukalia.

"Hii nini, umepanda bendera?" aliuliza Kalmat, kijana mmoja mwenye mzaha. "Tunakata nyasi au tunavuka mpaka wa nchi?"

"Ni alama za miche."

"Zitatuharibia mafyekeo, kaka. Mimi langu nimeazima."

Orozali alifikiri. Fyekeo likipata pengo, kazi ya siku imeharibika. Na kukwepa kila kijiti kungeacha mafungu kila mahali, kama kwa yule. Watu wangepita njiani wangesema nini?

"Ngojeni," alisema. "Nitavitoa. Tukimaliza nitavirudisha."

Alitembea mbele ya mstari, akang'oa vijiti vya upande wote wa juu, akavifunga fungu moja. Kando ya kila shimo la kijiti alikanyaga nyasi kidogo ili alikumbuke. Alikuwa mwangalifu sana. Kisha akashika fyekeo, na wanaume wakaingia.

Walikata vizuri. Nyasi zililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Orozali alikata chini, chini kabisa. Jasho lilimtoka na moyo ukatulia kidogo. Kukata nyasi alikujua. Humo hamkuwa na kitu cha kumchanganya.

Upande wa juu ulipokwisha, wanaume walikaa kunywa mtindi. Orozali alichukua fungu la vijiti akaenda kuvirudisha.

Aliona shimo la kwanza. Akachomeka kijiti. Akainama kuangalia mche.

Haukuwepo.

Alikwenda kwenye shimo la pili. Haukuwepo. La tatu. Akapiga magoti, akasukuma nyasi zilizolala. Chini yake aliona kishina, kifupi kama kucha, kijani, chenye maji. Kilikuwa kimekatwa kwa mshazari. Kimekatwa vizuri sana. Orozali aliujua mkato ule. Hakuna mtu mwingine Jangak-Sai aliyekata vile.

Alibaki hapo na fungu la vijiti mkononi, hajui avirudishe wapi.

"Kaka!" Kalmat aliita. "Mtindi unaisha!"

Orozali aliokota mche uliokatwa kutoka kwenye nyasi. Ulikuwa na majani yake yote na kijiti chake laini. Burulcha alikuwa amekuja na chungu cha supu. Aliuona mkononi mwa mumewe. Akauchukua, akaunusa.

"Ndiyo haya," alisema polepole. "Haya ndiyo ng'ombe anabakiza."

"Burulcha," Orozali alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nungunungu ni mimi. Mwizi ni mimi. Miaka yote hii."

Wanaume walisogea. Mmoja alitaka kucheka, akaona uso wa Orozali, akaacha. Kalmat alivua kofia yake nyeupe ya sufu akajipepea.

"Basi na kwangu ni mimi," alisema. "Na kwa baba yangu ni sisi wote hapa. Mwaka jana si tulikata kwake pamoja?"

Wakatazamana. Kila mtu alikuwa na kipande, na kila mtu alisema miche haikai. Miaka yote walikuwa wakimtafuta mnyama.

"Tusikate upande wa chini," Orozali alisema. "Pumzikeni. Kuleni. Lazima niende mahali."

Alivuka kijito na mche uliokatwa mkononi. Satibaldi alikuwa chini ya mti, kofia juu ya macho.

"Kaka Satibaldi."

Kofia haikusogea. "Nani huyo? Kaka yangu mdogo alikufa vuli iliyopita. Akabaki askari wa upelelezi."

"Nimempata mwizi."

"Mfunge."

"Ni mimi. Naikata kwa fyekeo."

Kofia ikainuka. Satibaldi alimtazama yeye, akautazama mche, akamtazama tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, na safari hii mgongo ulimuuma kweli.

"Yaani mimi miche yangu imepona kwa sababu… kwa sababu…"

"Kwa sababu wewe ni mvivu."

"Sema tena."

"Kwa sababu wewe ni mvivu, kaka. Na mimi nimekukosea. Nimekuita mwizi mbele ya kijito na mbele ya Mungu. Nisamehe."

Satibaldi aliacha kucheka. Alipangusa macho. "Nisaidie kusimama," alisema. "Supu imeiva? Siwezi kumsamehe mtu na njaa."

Mtu alikuwa amekwenda kumwita Anarkan. Walipofika kwenye kipande cha Orozali walimkuta ameshachuchumaa, anavigusa vishina kimoja kimoja. Hakucheka.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nimeweka vijiti, sikuwaza wakati wa nyasi. Nimekulia humu humu. Baba yangu alikata hivi hivi. Kitu ukikizoea sana hukioni." Alisimama. "Sasa nisikilizeni, maana mkuu anakuja baada ya jozi na hatuna muda wa kulia. Kwanza, hivi vishina msiving'oe. Mzizi uko hai. Mche ukikatwa mara moja unaweza kuchipua. Kinachouua ni kukatwa kila mwaka, halafu kukanyagwa na ng'ombe. Kaka Orozali, ukimaliza nyasi unafungulia ng'ombe humu, sivyo?"

"Ndiyo, ili wale mabaki."

"Walishe nyumbani. Au zungushia miche matawi ya miiba. Tena miiba umefyeka yote! Ulifyeka kwa nini?"

"Kwa usafi."

"Usafi! Mwende mkaone kwa Satibaldi, ule mche mkubwa umetoka wapi? Ndani ya waridi mwitu. Fyekeo haliingii humo, ng'ombe hatii mdomo humo. Kile kichaka ndicho yaya wake. Mwache yaya amlee mpaka mtoto apite kimo cha ng'ombe."

"Mnasikia?" Satibaldi alisema mdomo umejaa nyama. "Mimi nafuga mayaya."

"Wewe nyamaza, kwako nako ng'ombe wanaingia wakati wowote. Ungekuwa na miche mara tatu ya hiyo." Anarkan alimgeukia Orozali tena. "Na unapanda wapi? Chini ya mama yao, gizani. Mjozi mdogo unataka jua. Panda pale mti mkubwa ulipoanguka, penye uwazi. Jozi uilaze ubavu, ifukie vidole vitatu, weka miiba juu panya wasichimbue."

"Na nyasi?" aliuliza Kalmat. "Tusikate? Ng'ombe wale theluji?"

"Kateni. Nani kasema msikate? Acheni kijiti mahali pake. Ukifika kwenye kijiti, acha fyekeo, chukua mundu, zungushia kwa mkono. Fungu litabaki kama kofia. Liacheni."

"Litapendeza vibaya," Orozali alisema, kama anajiambia mwenyewe.

"Litapendeza vibaya sana," Anarkan alisema.

Upande wa chini waliukata kesho yake. Vijiti vilibaki. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kila hatua mtu alisimama, akainama, akatumia mundu. Mikono ya Orozali ilitaka kwenda chini, chini kabisa, na kila mara ilibidi aikemee. Alipomaliza alikitazama kipande chake akaona mafungu ya nyasi kila mahali, na vitambaa vyekundu juu yake. Mtu alipita njiani juu ya punda. Akasimama, akaangalia, akasema, "Hapa leo kakata Satibaldi?"

Orozali aliinua mundu wake. "Hapana. Ni mimi."

Kisha wakazungushia miiba. Burulcha alichomwa vidole mpaka akaapa kwa majina yote anayoyajua. Ng'ombe alifungwa nyumbani, akalalamika siku nzima, na Burulcha akamkatia majani kando ya barabara. Mwezi wa nane mvua ndogo ilinyesha. Upande wa juu, pale palipokatwa, baadhi ya vishina vilitoa macho mapya. Si vyote. Vingine vilikauka. Orozali alipita kila asubuhi kuvitazama, na kwa kila kilichokauka alisema jambo kimoyomoyo ambalo hakumwambia mtu.

Jozi ziliiva, zikaanguka, zikaokotwa. Mikono ikawa myeusi. Mkuu wa misitu alifika akiwa juu ya farasi, na Anarkan nyuma yake. Mkuu alishuka. Aliangalia mafungu ya nyasi, matawi ya miiba, vitambaa vilivyopauka kwa jua.

"Kipande chako kimechafuka, bwana Orozali," alisema. Alipiga hatua kwenda mbele.

"Mguu!" Orozali alipaza sauti.

Mkuu aliganda, kiatu hewani. Hakuna mtu Jangak-Sai aliyewahi kumpigia kelele mkuu wa misitu. Burulcha alifunika mdomo.

"Samahani, mkuu," Orozali alisema, akaja mbio. "Pita huku. Hapo uko mmoja. Na pale mwingine. Na usikanyage ule, umechipua juzi juzi, bado dhaifu."

Mkuu aliteremsha kiatu polepole, kando. Kisha akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Alitembea kipande chote hivyo, Orozali mbele yake akimwonyesha pa kukanyaga. Alipofika mwisho alijinyoosha, akashika kiuno.

"Mwaka huu unajua ilipo," alisema.

"Yote, mkuu. Naijua yote."

"Basi kaa nayo."

Alipanda farasi akaenda kwa Kalmat, na huko pia alikuta vijiti.

Mwaka uliofuata, wakati wa nyasi, wanaume wa ujima walikuja kwa Orozali kila mtu na fyekeo begani na mundu kiunoni. Satibaldi naye alikuja. Alikata kidogo, akalalamika mgongo, akapewa kazi ya kutembea mbele na kupiga kelele penye mche. Kazi hiyo aliiweza. Ghala lilipungukiwa mizigo miwili ya nyasi. Burulcha alichungulia horini majira yote ya theluji, na hakukuta jani la jozi.